Elektroni Haiji Kama Bahari Nzima

Wasee, maoni ya leo yatawachoma wengine, hasa nyinyi mnaosoma fizikia kampasi na wale wanaowafundisha. Nasema hivi: vile mtawanyo wa chembe unafundishwa, kwa kuanza na wimbi bapa, ni kuua somo kabla halijazaliwa. Tuanze na pakiti ya wimbi. Wimbi bapa lije baadaye, mtu akishajua linamfupishia kazi gani.

Kama hujashika hata neno moja hapo juu, usitoroke. Tutaenda polepole. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, kwa hivyo sina digrii ya kumtisha mtu nayo. Nina laptopu ya zamani, bando la usiku, na vidio kadhaa za fizikia ambazo mnazitazama kuliko zangu za vichekesho, jambo ambalo kusema ukweli linaniuma kidogo.

Mtawanyo wenyewe si kitu kigumu. Kuna kitu huwezi kukiona, kwa hivyo unakirushia vitu vidogo halafu unaangalia vimeruka upande gani. Basi. Sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu tumbo la atomu ilitoka hapo. Mwaka 1909, pale Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden walirusha chembe za alfa kwenye bamba jembamba la metali. Marsden alikuwa na miaka 20, bado mwanafunzi tu. Chembe karibu zote zilipita. Lakini chache ziligeuka zikarudi zilikotoka. Kwa bamba la platini walihesabu kama 1 kati ya 8,000. Mwaka 1911 bosi wao, Ernest Rutherford, akasema kuna kitu kidogo kizito katikati ya atomu. Hicho ndicho kiini.

Rutherford alipiga hesabu zake kana kwamba alfa ni gololi. Na alipata jibu sahihi! Ile nguvu ya umeme kati ya chembe mbili zenye chaji ina tabia ya ajabu: hesabu ya gololi na hesabu ya kwanta zinatoa fomula ileile. Ilikuwa bahati. Kwa vitu vingine vingi bahati hiyo haipo. Mwaka 1927 Clinton Davisson na Lester Germer walirusha elektroni za elektroni-volti 54 kwenye fuwele ya nikeli wakaona zinaruka kwa wingi kwenye nyuzi 50, kama vile mawimbi hufanya yakigonga safu za vizuizi. Gololi haziwezi kufanya hivyo hata uziombe.

Kwa hivyo elektroni ni wimbi la namna fulani. Sawa. Sasa ndio tunafika kwa shida yangu.

Mhadhiri anaingia, anaandika wimbi moja ubaoni, anageuka na kusema, "Hii ni elektroni inayokuja kutoka kushoto." Wimbi hilo linaitwa bapa. Lina urefu mmoja kamili na kimo kilekile kila mahali. Na ninaposema kila mahali namaanisha kila mahali: hapa, Mombasa, mwezini, hadi nyota ya mwisho. Halina kichwa wala mkia. Halikuanza na haliishi. Ukiuliza uwezekano wa kuipata elektroni mahali fulani, jibu ni sawa kila sehemu, jana, leo na kesho.

Niambie basi, kitu ambacho tayari kiko kila mahali kinakuja vipi? Kinagonga saa ngapi? Kilikuwa wapi kabla ya kugonga? Kila darasa lina mtu mmoja ambaye atauliza swali hili, na mara nyingi ndiye mwenye akili zaidi hapo ndani. Halafu anaambiwa ashike fomula, mtihani uko karibu. Anaketi. Haulizi tena. Nimemwona huyo mtu darasani kwetu, na naendelea kumwona kwa komenti zangu kila wiki: "Mimi fizikia ilinishinda." Haikukushinda, buda. Uliuliza swali sahihi ukanyimwa jibu.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi kwa sauti. Chukua hilo wimbi bapa la elektroni na ufuatilie kilele chake kimoja kinavyosonga. Piga hesabu ya kasi yake. Utapata nusu ya kasi ya elektroni. Nusu! Yaani ukiamini kwamba mwendo wa vile vilele ndio mwendo wa elektroni, umekosea mara mbili nzima. Kama ningekuchorea bodaboda inayoenda kilomita 80 kwa saa halafu mchoro wenyewe ukasonga kwa 40, ungenitukana.

Pakiti inatatua hayo yote kwa mpigo. Usichukue wimbi moja, chukua mengi, yenye urefu unaotofautiana kidogo tu, uyajumlishe. Fikiria watu kanisani wanaopiga makofi, kila mmoja na kasi yake kidogo. Kuna sekunde moja ambapo mikono yote inakutana, paa! Halafu wanaanza kupishana, sauti inatawanyika. Makofi hayawezi kufutana, mawimbi yanaweza, na hapo mfano wangu unaishia. Lakini wazo ni hilo: sehemu moja mawimbi yanakubaliana na kujenga nundu, kwingine kote yanabatilishana hadi sifuri. Hiyo nundu ndiyo pakiti. Ina mahali. Ina mbele na nyuma. Na inasonga kwa kasi ileile ya elektroni, si nusu.

Nilipoichora mara ya kwanza kwa laptopu na kuicheza polepole, niliona kitu ambacho hakuna kitabu kilikuwa kimeniambia. Kwa sababu vilele vinaenda nusu ya kasi ya nundu, vinazaliwa mbele ya pakiti, vinateleza kurudi nyuma ndani yake, vinafia mkiani. Mawimbi ya bahari yenye kina hufanya kinyume: vilele vinazaliwa nyuma na kufia mbele. Nilikaa nikitazama hiyo kitu kama dakika kumi. Manze, ni nzuri.

Kuna bei ya kulipa, ndiyo. Ukitaka nundu nyembamba lazima uchanganye mawimbi ya aina nyingi zaidi, na kila aina ina kasi yake, kwa hivyo nundu inapanuka haraka. Hiyo ni kanuni ya Heisenberg ya 1927, na ukiiona kwa pakiti haina uchawi wowote. Chukua elektroni ya elektroni-volti 100. Inaenda karibu kilomita 5,900 kwa sekunde. Tuseme nundu yake ina upana wa maikromita moja. Itasafiri kama sentimita 10 kabla haijapanuka kwa asilimia 40 hivi. Ifinye nundu hadi nanomita moja, na itapanuka kiasi hicho ikiwa imesafiri nanomita 100 peke yake. Jiwe la gramu moja lenye nundu ya milimita moja? Ungengoja mamilioni ya mara ya umri wa ulimwengu. Ndiyo maana hakuna mtu amewahi kuona jiwe likipanuka.

Sasa mgongano wenyewe, ambao ndio utamu.

Pakiti inakaribia ukuta. Sehemu yake ya mbele inagusa kwanza na kuanza kurudi, lakini ya nyuma bado inakuja. Zinapishana, na ghafla ile nundu laini inapasuka kuwa michirizi, kama kitana. Umbali kati ya mchirizi na mchirizi ni nusu ya urefu wa wimbi. Kwa muda kidogo huwezi kusema nini kinakuja na nini kinaenda. Kisha vurugu inatulia na unabaki na nundu mbili: moja inarudi kushoto, nyingine imepita ukuta na inaendelea kulia. Jumla ya zote mbili ni 1, kama mwanzo. Na kama ukuta ni mrefu kuliko nishati ya pakiti, ile iliyopita huwa na kasi kubwa kidogo kwa wastani, kwa sababu ukuta umechuja: mawimbi yenye nishati zaidi ndiyo yaliyopenya kwa urahisi.

Hii si teknolojia mpya, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Mwaka 1967 Wamarekani watatu, Abraham Goldberg, Harry Schey na Judah Schwartz, walichapisha kwenye American Journal of Physics kazi ambayo kiini chake ni filamu za kompyuta za pakiti zikigonga kuta na mashimo. Filamu! 1967! Wakati mtu hajafika mwezini. Walikuwa wabunifu wa maudhui kabla sisi tujiite hivyo. Leo Chuo Kikuu cha Colorado, kupitia mradi wake wa PhET, kinatoa bure kifani ambapo unabadilisha urefu wa ukuta na kuona pakiti ikigawanyika, na kuna hata kitufe cha kuchagua wimbi bapa au pakiti. Yangu mimi nimeiandika kwa mistari kama sitini ya Python. Mnaosema hakuna vifaa, kifaa kiko mfukoni mwa mwanafunzi, anakitumia kunitazama mimi nikiongea ujinga.

Lakini ngoja. Nundu mbili. Kwani elektroni imekatika vipande viwili?

Hili swali ndilo lililozaa nusu ya fizikia ya kwanta, na ni pakiti inayokulazimisha kuliuliza. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger alitamani sana kwamba elektroni iwe hiyo nundu yenyewe, kitu laini kilichosambaa. Alionyesha pakiti moja, ya chembe inayoyumba kama iko kwenye springi, ambayo haipanuki milele. Hendrik Lorentz, mzee wa Uholanzi, alimwandikia barua mwaka huohuo akimwambia kwamba kwingine pakiti zitapanuka tu. Na mtawanyo ulimaliza ule ubishi. Wimbi likishagonga atomu linatoka pande zote kama duara linalokua. Ila kigunduzi hakilii robo hapa na robo kule. Kinalia mara moja, mahali pamoja, kwa elektroni nzima.

Max Born alikuwa akiandika makala kuhusu migongano mwaka huohuo wa 1926 alipotoa tafsiri tunayoitumia mpaka leo: wimbi linakupa uwezekano. Na sehemu muhimu kuliko zote, kwamba uwezekano unatokana na mraba wa wimbi, si wimbi lenyewe, aliiongeza kwenye tanbihi wakati makala inasahihishwa kabla ya kuchapwa. Tanbihi! Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1954. Kejeli, na lazima niwe mkweli hapa, ni kwamba Born mwenyewe alianza na wimbi bapa. Sawa, lakini Born alikuwa Born. Hakuwa na umri wa miaka 19 na mtihani wiki ijayo.

Mkitaka kuona hilo kwa macho, tafuteni jaribio la Akira Tonomura na wenzake wa Hitachi, 1989. Elektroni zinatumwa moja moja. Kila moja inaacha nukta moja, sehemu moja, bila mpango unaoonekana. Baada ya maelfu ya nukta, michirizi ya wimbi inajichora. Kila elektroni ilifika nzima. Wimbi lilikuwa linaamua tu ni wapi penye nafasi kubwa.

Najua wale wa fizikia washaanza kuandika: "Budako, hesabu ni ileile." Nakubali nusu. Turudi kwa ile elektroni ya volti 100. Urefu wa wimbi lake ni karibu nanomita 0.12, na atomu nayo ni kubwa kiasi hicho hicho. Nundu ya maikromita moja basi imebeba zaidi ya mawimbi 8,000, na ni kama mara elfu kumi ya upana wa atomu. Ukiwa wewe ni atomu, hiyo pakiti ikikupitia unaona wimbi bapa tupu, vile mtu aliye katikati ya Nairobi haoni ukingo wa jiji. Kwa hivyo wimbi bapa ni njia ya mkato halali, na inaokoa kurasa za hesabu. Sijasema lifutwe. Nasema mwanafunzi aonyeshwe kwanza kinachokatwa.

Kwa sababu kuna sehemu ambapo mkato unakuficha. Kwenye fomula ya vitabu, wimbi linalotoka kwa atomu linajumlishwa na lile bapa, na yote mawili yako kila mahali pamoja. Ukipiga mraba unapata sehemu tatu: ya kwanza, ya pili, na ya mchanganyiko. Halafu unaambiwa utupe ya mchanganyiko. Kwa nini? "Kwa sababu kigunduzi kiko pembeni." Wee, lakini wimbi lako bapa liko pembeni pia, umesema liko kila mahali! Ukiwa na pakiti jibu linajitokeza lenyewe. Pakiti ina upana wa mwisho. Sehemu ambayo haikuguswa inaendelea mbele kwenye njia yake nyembamba, na kigunduzi kilichokaa nje ya hiyo njia kinakutana na wimbi lililotawanywa peke yake. Mchanganyiko unabaki mbele tu, nyuma ya shabaha, na pale unafanya kazi ya maana: ndio unaotengeneza kivuli.

Hata lile neno la eneo la mtawanyo, ambalo tulikariri tu, linaeleweka. Ni kipande cha eneo ambacho, kikikutana na pakiti, kinakupa uwezekano wa kugongana. Kipimo chake kinaitwa barn, yaani ghala, jina walilolitoa wanafizikia Wamarekani mwaka 1942 kwa utani kwamba kiini cha urani ni kikubwa kama ghala, huwezi kukikosa. Ghala lenyewe ni mita mraba 1 ukigawa kwa 1 ikifuatwa na sifuri 28. Si lazima eneo hili lilingane na ukubwa wa kitu. Carl Ramsauer aligundua, mapema miaka ya 1920, kwamba elektroni za polepole zinapita kwenye gesi ya argoni kana kwamba gesi haipo. Wimbi linaingia ndani ya atomu na kutoka likiwa limejipanga upya bila alama. Atomu ipo, eneo lake la mtawanyo karibu limetoweka.

Na kuna muda. Wimbi bapa halina saa. Pakiti inayo, kwa sababu ina kilele na unaweza kuuliza kilele kimefika lini. Mwaka 1955 Eugene Wigner alionyesha jinsi ya kusoma ucheleweshaji wa pakiti kutokana na mgongano: unaangalia jinsi fezi ya wimbi linalotoka inavyobadilika nishati ikibadilika. Weka kuta mbili zenye nafasi katikati, chagua nishati inayofaa, na utaona sehemu ya pakiti ikinaswa humo ndani, ikiruka huku na huku na kuvuja kidogo kidogo. Wakati ule mwingine umeshaondoka, huo bado unalipa deni. Hii haikubaki ubaoni. Mwaka 2010 watafiti walipima elektroni zilizong'olewa na mwanga kutoka kwa atomu ya neoni na kukuta za tabaka moja zinatoka zikiwa zimechelewa attosekunde 21 nyuma ya za tabaka jingine. Attosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya bilioni ya sekunde. Nobel ya fizikia ya 2023 ilienda kwa waliofungua mlango wa vipimo vya aina hii: Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier. Mtu anayesomea mtawanyo leo bila kuona pakiti anasomeshwa bila saa, wakati dunia inapima attosekunde.

Kabla sijasahau, kwa mliokuwa mkibishana kwa komenti wiki jana: yale makundi ya protoni yanayozunguka CERN, kila moja na protoni kama bilioni mia moja, si pakiti za mawimbi. Hayo ni makundi, umati wa watu. Pakiti ni ya protoni moja. Msichanganye.

Kwa wanaofundisha, ombi langu halihitaji bajeti wala kamati. Kipindi cha kwanza cha mtawanyo, washeni projekta, chezeni mgongano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, mara mbili, bila fomula. Halafu waulizeni wanafunzi wameona nini na msubiri, hata kukiwa na kimya cha kuudhi. Yule wa "ilikuwa wapi kabla?" atainua mkono wa kwanza. Wimbi bapa liingie wiki ya pili, na jina lake halisi: pakiti ndefu sana ambayo tumechoka kuchora kingo zake.

Na nyinyi wengine mnaotaka kujaribu leo usiku, anzeni na ukuta ambao urefu wake ni sawa kabisa na nishati ya wastani ya pakiti. Vitabu vingi hupita hapo haraka. Msiangalie zile nundu mbili kubwa zinazoondoka. Angalieni kile kidogo kinachobaki juu ya ukuta, kinachorukaruka na hakitaki kutoka, na mniambie kwa komenti kilichukua muda gani kwenu. Kwangu nilizima laptopu kabla hakijaisha, chaji ilikuwa asilimia 4.